Masalio ya Ndege za Vita

Chuma ni mali isiyojua kufa. Katika Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti mkoani Mara, kama katika miji mingine mingi ya bara, springi ya lori ikivunjika haiachwi ioze njiani. Hupelekwa kwa mhunzi, ikatiwa motoni, ikagongwa juu ya fuawe, ikatoka panga au jembe. Pipa lililotoboka hukatwa likawa jiko la makaa. Alumini ya mashine iliyoharibika huyeyushwa, ikamiminwa katika kalibu, ikawa sufuria. Ustadi huu ni wa kale kuliko malori na mapipa. Miongoni mwa Wakuria wahunzi walijulikana kwa jina la Abaturi. Walikuwa watu wa peke yao, hawakuoana na wengine, wakaogopwa kwa sababu ya moto na siri za kazi yao. Walakini hapakuwa na mkulima wala mpiga mshale aliyeweza kuishi bila ya mikono yao.

Desturi ya mhunzi ni kukipa chuma maisha mapya kwa kukisahaulisha maisha ya zamani. Panga halikumbuki lori lililolizaa, wala sufuria haina habari ya mashine. Kwa haja za kila siku desturi hiyo ni njema, maana watoto hawashibi kumbukumbu. Lakini kuna chuma kingine ambacho kikiyeyushwa bila ya neno kusemwa, hupotea pamoja nacho kitu kisichopimika kwa ratili. Chuma hicho ni masalio ya silaha za vita, na hasa ya ndege zilizoundwa kwa kuangusha mabomu. Ulimwenguni wamo watu ambao kazi yao ni kinyume cha kazi ya mhunzi. Hutafuta kipande cha bawa shambani, gurudumu ziwani, kiti cha rubani katika zizi la mifugo. Hukisafisha, hukitambua, hukirudisha mahali pake. Mhunzi hukitaka chuma kisahau. Watu hawa hukitaka kikumbuke.

Yamkini msomaji atauliza: ndege za mabomu zina uhusiano gani na Mugumu, mji wa wakulima na wafugaji, jirani wa nyumbu na pundamilia? Uhusiano upo, wala si wa mbali. Nje ya mji iko Ngome ya Ikoma, iliyojengwa na Wajerumani walipoitawala nchi hii. Mawe yake hushuhudia kwamba ugomvi wa mataifa ya ng'ambo ulipata kufika hata katika mbuga hizi. Upande wa magharibi, kando ya Ziwa Viktoria, uko mji wa Musoma. Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera na ndege za Uganda zilipoangusha mabomu katika mkoa ule, mizinga ya kutungulia ndege ilielekezwa mbinguni kando ya ziwa. Katika hofu ya siku zile ndege tatu za kivita za Tanzania yenyewe zilitunguliwa kwa makosa karibu na Musoma, na waliozitungua walikuwa wenzao.

Vita vile vilileta pia ndege halisi ya mabomu. Tarehe 29 Machi 1979, ndege kubwa ya aina ya Tupolev Tu-22, iliyotumwa na Libya kumsaidia Amin, iliruka mpaka Mwanza kwa nia ya kuteketeza maghala ya mafuta. Ililenga, ikakosa. Mabomu yalianguka katika kisiwa cha Saanane, mahali palipotunzwa wanyama wa porini, yakaua wanyama. Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia. Siku ile walioumia walikuwa viumbe wasiojua mpaka wala bendera. Watu wanaoishi mlangoni mwa hifadhi ya Serengeti wanaweza kuyaelewa maana ya maneno hayo kuliko wengine.

Upo na undugu wa pili. Katika Vita vya Pili vya Dunia Waingereza waliunda ndege za mabomu zenye injini nne, na iliyopata sifa kupita zote ni Avro Lancaster. Ziliundwa 7,377. Kutokana nayo ilizaliwa ndege nyingine, Avro Lincoln, ambayo ilichelewa, ikavikuta vita vile vimekwisha. Lincoln ilipata kazi yake Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1953 hata 1955 ndege hizo zilitoka Eastleigh, Nairobi, zikaangusha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, walimokuwamo wapiganaji wa Mau Mau. Basi mtu wa Afrika Mashariki akisikia kwamba huko Uingereza wazee wanaisugua Lancaster mpaka inang'aa, ana haki ya kusikiliza kwa masikio mawili: sikio moja la kustahi ustadi, na sikio la pili la kuuliza ni nani aliyekuwa chini ndege ilipopita.

Vita vya dunia vilipokwisha mwaka 1945 hapakuwa na mtu aliyezitamani ndege hizo. Zilipangwa viwanjani kwa mamia, zikakatwa vipande, zikatiwa katika tanuru. Alumini yake ilitumika hata kujengea nyumba ndogo za haraka kwa Waingereza waliobomolewa makao kwa mabomu. Kwa maneno mengine, Ulaya nzima ilifanya kazi ya Abaturi, na hapana awezaye kuilaumu: wenye njaa na baridi hawajengi makumbusho. Lakini miaka ilipopita, watu waligeuka nyuma wakaona jinsi kilichobaki kilivyo kidogo. Katika zile Lancaster 7,377 zimebaki nzima 17, na katika hizo zinazoruka ni mbili tu, moja Uingereza na moja Kanada. Halifax, ndege ya mabomu iliyokuwa mwenzake, iliundwa mara 6,176. Zote zilizosalia vitani zilikatwa bila ya hata moja kuwekwa akiba ya vizazi. Stirling, iliyozitangulia zote mbili, iliundwa zaidi ya 2,300, wala hapana moja iliyo nzima popote duniani.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ya kuokota. Haba na haba hujaza kibaba, na katika kazi hii kila haba ina safari yake. Katika kisiwa cha Lewis, kaskazini-magharibi ya Uskoti, mkulima mmoja alikuwa amenunua kipande cha kiwiliwili cha Halifax iliyoharibika karibu na hapo, akakifanya banda la kuku. Kwa muda wa miaka kama 40 kuku walitaga mahali walipokaa vijana waliovuka bahari usiku kwenda kupigana. Katika miaka ya 1980 watu wa jumba la makumbusho la Elvington, katika jimbo la Yorkshire, walilichukua banda lile. Mabawa waliyapata kwa ndege ya mizigo ya aina ya Hastings, kwa kuwa kiwanda cha Handley Page kilichounda Halifax ndicho kilichounda na Hastings, na mabawa yao ni ya nasaba moja. Injini zilitoka Ufaransa. Sehemu zisizopatikana zilitengenezwa upya kwa mkono. Tarehe 13 Septemba 1996, siku ya Ijumaa, ndege iliyokamilika ilisukumwa nje ya karakana mbele ya watu.

Siku ile ilichaguliwa kwa makusudi. Miongoni mwa Wazungu Ijumaa inayoangukia tarehe 13 huhesabiwa kuwa ya mkosi. Na wakati wa vita ilikuwako Halifax moja ambayo wanajeshi wake waliibandika jina hilo hilo kwa kuucheka mkosi. Ndege ile ilikwenda vitani mara 128, ikarudi mara zote 128, kisha ikakatwakatwa kama nyingine ilipokuja amani. Halifax ya Elvington imepewa rangi na jina lake. Mwenye ulimi mkali anaweza kusema kwamba hii si Halifax, ni banda la kuku lililofungwa mabawa ya mtu mwingine. Neno lake lina ukweli nusu. Lakini wenye kazi yao hawakuficha jambo: husema wazi kipande kipi kimetoka wapi. Kitu kilichounganishwa kwa viraka ni cha haki maadamu viraka vinatajwa. Huwa uongo siku viraka vinapofichwa.

Kazi yenyewe ni ya subira. Ndege ya zama zile ni ngozi ya alumini iliyopigwa ribiti juu ya mbavu, na ribiti huhesabiwa kwa maelfu mengi. Fundi akiletewa kipande kilichokunjamana, jambo la kwanza si kushika nyundo. Hukiosha kwa utaratibu na kukichungua, kwa sababu vipande vingi hupigwa namba kiwandani, na namba hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa: husema ni cha ndege ya aina gani na cha sehemu ipi ya mwili wake. Rangi huondolewa tabaka baada ya tabaka, maana chini ya rangi ya mwisho huweza kuonekana herufi za kikosi cha mwanzo. Kisha ribiti hutobolewa moja moja, bati huondolewa juu ya mbavu, likanyoshwa kwa nyundo ya mti. Likiwa limekwisha kabisa halitupwi. Huwekwa juu ya bati jipya, likawa kipimo cha kukatia lile litakaloshika nafasi yake. Mhunzi wa Mugumu angeyaelewa yote haya bila ya mkalimani. Tofauti ni moja: yeye hukitii kile anachokitaka mnunuzi, na fundi wa ndege hukitii kile kilichokuwako.

Adui wa kazi hii ni maji, na hasa maji ya chumvi. Alumini ya ndege huchanganywa na shaba kidogo ili iwe na nguvu, na mchanganyiko huo, wenye nguvu hewani, ni dhaifu baharini. Chumvi huula polepole kama mchwa alavyo boriti, nje pazima na ndani unga. Mwezi Juni 2013, katika bahari ya kusini-mashariki ya Uingereza, iliinuliwa ndege ya mabomu ya Kijerumani ya aina ya Dornier Do 17, iliyozama mwaka 1940. Katika ndege zaidi ya 2,000 za aina hiyo, ndiyo pekee iliyobaki na umbo lake. Kama ingalianikwa juani tu, ingaligeuka vumbi. Mafundi walizijengea sehemu zake mahema marefu, wakazinyunyizia kwa muda wa miezi mingi maji yaliyotiwa asidi ya limau, ile ile inayoifanya ndimu kuwa kali, mpaka chumvi ikatoka. Kitu kilichookoa mashine ya vita kilikuwa kitu cha jikoni.

Maji baridi ya ziwa ni mwema zaidi. Ziwa Loch Ness la Uskoti lilimeza ndege ya mabomu ya aina ya Wellington tarehe 31 Desemba 1940, likaitunza mpaka ilipotolewa mwaka 1985. Ilipotolewa, taa zake za mkiani ziliunganishwa na betri mpya, zikawaka. Miaka 45 ya giza haikuziua.

Lakini swali gumu kupita lile la chumvi na kutu ni hili: kitu kilichojeruhiwa kikipatikana, je, kiponywe au kiachwe na jeraha lake? Katika maziwa mawili ya Norwei zilipatikana Halifax mbili, na watu waliozitoa wakajibu swali hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ilikwenda kuishambulia manowari kubwa ya Kijerumani Tirpitz mwezi Aprili 1942, ikapigwa, ikatua juu ya barafu ya ziwa Hoklingen. Watu wake walitoka wakiwa hai. Barafu ikayeyuka, ndege ikazama. Iliinuliwa mwaka 1973, ikapelekwa katika makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza, London, ikalazwa humo jinsi ilivyotoka majini, mbavu nje, rangi imechujuka. Ya pili ilipigwa mwezi Aprili 1945, siku chache kabla ya vita kwisha Ulaya, baada ya kuwadondoshea vifaa Wanorwei waliopigana kwa siri na Wajerumani. Ilianguka katika ziwa Mjøsa, na akanusurika mtu mmoja tu, mpiga bunduki wa mkiani, Thomas Weightman. Mwaka 1995 ilitolewa katika kina cha zaidi ya mita 200, ikachukuliwa hata Trenton, Kanada, na watu waliojitolea wakaitengeneza kwa miaka kumi mpaka ikawa kama iliyotoka kiwandani jana.

Nani aliyefanya vyema? Aitazamaye ile ya London huona kifo, bila ya kuelezwa. Aitazamaye ile ya Trenton huona kazi ya mikono ya watu, na mahali alipoketi kila mmoja. Moja hufundisha vita vilifanya nini, nyingine hufundisha vita vilifanywaje. Dunia inazihitaji zote mbili, kama vile mahakama inavyomhitaji shahidi aliyejeruhiwa na shahidi aliyeona. Ubaya ungekuwa kuzifanya zote mpya, zikang'aa, mpaka mtoto adhani kwamba vita ni jambo la rangi nzuri na ngurumo ya injini.

Ubaya huo si wa kuwaziwa tu. Mapenzi ya mashine huweza kumpofusha mtu. Katika majeshi ya Uingereza ya ndege za mabomu walikufa watu 55,573, wengi wao vijana wa miaka 20 na kitu. Kwa upande wa chini, katika mji wa Hamburg peke yake, kwa mashambulio ya Julai 1943, walikufa watu zaidi ya 30,000. Dresden, Februari 1945, wapatao 25,000. Wengi katika hao walikuwa wanawake, watoto na wazee. Makumbusho yanayotaja hesabu ya kwanza na kunyamaza juu ya ya pili yamerekebisha chuma na kuiacha kweli katika kutu. Na Mwingereza anayemhesabu Mjerumani aliyekufa hana budi kumhesabu na mkulima wa Nyandarua.

Hata hivyo wengi waliojitia katika kazi hii hawakusukumwa na mapenzi ya silaha. Huko East Kirkby, Uingereza, walikuwako ndugu wawili wakulima, Fred na Harold Panton. Kaka yao mkubwa, Christopher, aliuawa akiwa katika Halifax usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Machi 1944, katika shambulio la Nürnberg. Walipokuwa watu wazima walinunua Lancaster moja iliyozeeka, wakaiweka katika uwanja wa zamani wa ndege za vita, na mwaka 1988 wakafungua makumbusho kwa ukumbusho wa kaka yao. Ndege yenyewe iliundwa mwaka 1945, haikupata kuangusha bomu katika vita vile. Injini zake nne hunguruma tena, nayo hutembea ardhini mbele ya watazamaji. Hapo chuma kimekuwa kaburi la mtu aliyezikwa mbali, na kila ribiti inayopigwa ni kama jiwe linaloongezwa juu ya kaburi. Mwafrika, ambaye anajua maana ya kumkumbuka ndugu aliyekufa ugenini, hana sababu ya kuwaona watu hao kuwa wa ajabu.

Isitoshe, waliokaa ndani ya ndege hizo hawakuwa Wazungu peke yao. John Henry Smythe, kijana wa Freetown, Sierra Leone, alikuwa mwonyesha njia katika Stirling. Mwezi Novemba 1943 ndege yake ilitunguliwa huko Ujerumani. Alishuka kwa mwavuli, akatekwa, akakaa kifungoni mpaka mwaka 1945. Baadaye alisomea sheria, akapanda hata kuwa Mwanasheria Mkuu wa Sierra Leone. Leo mtoto wa Kiafrika akitaka kuona chumba alichokaa Smythe na ramani zake, hawezi kukiona kikiwa kizima, kwa kuwa hapana Stirling hata moja iliyobaki. Wako Waingereza wanaookota vipande vya Stirling na kuvitumia kuunda upya sehemu ya mbele ya kiwiliwili chake. Kwa kufanya hivyo wanakihifadhi, watake wasitake, kiti cha Mwafrika. Hii ni hoja ya kutosha ya kuonyesha kwamba chuma kikiyeyushwa hakiondoki peke yake. Huondoka pamoja na wale ambao kwa kawaida vitabu huwasahau.

Asije mtu akadhani kwamba ufufuaji wa namna hii ni wa Ulaya na Kanada tu. Tanzania inao mfano wake, na ni wa zamani kuliko ile mingine yote. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli katika mji wa Papenburg, wakaifungua vipande, wakaitia katika masanduku 5,000, ikaja Dar es Salaam, na hatimaye ikaunganishwa upya Kigoma kwa jina la Graf von Götzen. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia ilifungwa mizinga. Mwaka 1916 ndege ndogo za Wabelgiji, zilizoruka kutoka majini ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zilikuja Kigoma kuangusha mabomu. Hizo ni miongoni mwa ndege za mabomu za kwanza kuonekana katika anga ya nchi hii. Wajerumani walipoona hawana njia, mwezi Julai mwaka ule waliizamisha meli yao kwa mikono yao wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Aliyeizamisha alikuwa akiifikiri siku ya kuiinua. Waingereza waliitoa mwaka 1924, ikatengenezwa, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya, Liemba. Silaha ikawa chombo cha abiria, wachuuzi na magunia ya dagaa, ikahudumia vizazi kadha wa kadha vya watu wa Kigoma, Rukwa na Zambia.

Liemba haikuwekwa katika kioo ili itazamwe. Ilirekebishwa ikatumika, na kwa kutumika imekumbukwa. Hapo ndipo njia ya mhunzi na njia ya mwenye makumbusho zinapokutana: kitu kimepewa maisha mapya bila ya kunyang'anywa maisha ya zamani. Kila abiria aliyelala juu ya sitaha yake alikuwa na habari, hata kama ni ya kuungaunga, kwamba meli hii ilipata kuzama na kufufuka.

Basi Mara inaweza kufanya nini? Kuunda ndege nzima hakuhitajiki. Kazi hiyo hula miaka kumi na fedha nyingi. Lakini mwanzo wa kazi yenyewe hauhitaji fedha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na msemo huo waliousema wafanyabiashara unawafaa na wanahistoria. Kipande cha alumini kisicho na maelezo ni sufuria inayongoja moto. Kipande hicho hicho, kikiandikiwa kwamba kiliokotwa mahali fulani, mwaka fulani, na kwamba mzee fulani alisikia mlipuko akiwa shambani, kimekwisha kuwa hati. Mwalimu wa shule ya sekondari Mugumu, Tarime au Musoma, akiwa na daftari na wanafunzi kumi, anaweza kukusanya katika likizo moja habari za vita vya Kagera ambazo hazimo katika kitabu chochote: nani alichimba handaki, nani alizima taa usiku, nani aliona ndege ikianguka. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1978 sasa ni mzee. Chuma kinaweza kungoja miaka 45 ndani ya ziwa kisha taa yake ikawaka; mzee hawezi.

Wala mahali pa kuvihifadhi vitu hivyo hapakosekani. Butiama, nyumbani kwa Mwalimu Julius Nyerere, Amiri Jeshi Mkuu wa siku zile za vita, pana makumbusho yenye jina lake, ndani ya mkoa huu huu wa Mara. Kipande kimoja cha chuma kilichowekwa humo pamoja na jina la aliyekiokota kingewafundisha watoto zaidi ya hotuba ndefu.

Liko sharti moja lisilovunjwa. Kuokota masalio ya vita si mchezo wa watoto. Bomu lisilolipuka halizeeki kwa hesabu ya watu. Huweza kulala chini ya udongo miaka hamsini na kuua kwa pigo moja la jembe. Kitu kisichotambulika kisiguswe, kisigongwe, kisipelekwe kwa mhunzi wala kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mahali pake pawekwe alama, na polisi au jeshi waarifiwe. Hakuna kumbukumbu iliyo na thamani ya mkono wa mtoto.

Wahunzi wa Mugumu wataendelea na kazi yao, na ni haki yao. Springi za malori ziwe mapanga, na mashine zilizokufa ziwe sufuria. Nchi inataka kulima na kupika. Katika kila gunia la vyuma chakavu huenda kikawamo kimoja chenye namba iliyopigwa kiwandani, au chenye ribiti za namna isiyo ya gari. Kabla ya kukitia motoni mhunzi na akigeuze mkononi, amwulize aliyekileta amekitoa wapi, na jibu liandikwe. Moto hauendi popote. Unaweza kungoja muda wa swali moja.